Bloki ya ushindi ilitoka ku motokari ya kila siku



Leo sitaandika juu ya mahindi wala mbolea, hata kama mbolea itaingia katikati, mutaona. Naandika juu ya bloki ya motere: ule mwili mzito wenye matundu ya silinda, wenye kubeba pistoni, maji na mafuta. Mimi si fundi. Mimi ni mtu wa kilimo. Lakini mwaka huu ilinilazimu kuchagua bloki kwa feza yangu mwenyewe, na ili nisikosee mara ya pili nilirudi ku historia. Yale niliyokuta huko naona yanafaa kwa kila kijana mwenye kupenda mwendo na mwenye mufuko mufupi.

Kisa ni hiki. Baba alituachia Corolla ya mwaka 1998, usukani ku mukono wa kuume, kama motokari mingi za Lubumbashi zenye kutoka Japani na kupita Dar es Salaam mpaka Kasumbalesa. Miaka 2 iliyopita mudogo wangu aliniomba tuifanye ikimbie. Nilikuwa nimemaliza mukataba wangu wa kwanza wa kazi, nikatoa karibu feza yote. Mahali fulani, na sitataja ni wapi, walitoa motere ya baba, wakaweka nyingine ya kisasa, bloki ya alumini, nyepesi, na juu yake turbo. Walituambia: "Hii iko mwepesi, itaruka." Iliruka kweli, siku 9. Siku ya 10, ku barabara ya Likasi, maji yalichemka mbele hatujafika nusu ya njia. Tulipofungua, kulasi ilikuwa imepinda, na bloki vilevile. Tangu siku ile motokari ya baba inakaa chini ya muembe, kuku wanalala ndani, na mama hapendi kupita upande ule wa lupango.

Sasa mwezi wa 9 mudogo wangu anarudi na picha ku simu: motere ya silinda 6, yenye turbo, inauzwa. Anataka tuchange. Feza yangu ni ile ya mahindi, yenye inangoja mbolea mbele ya mvua. Nikamwambia: "Unipe wiki mbili." Wiki zile mbili nilisoma, na nilikwenda kukaa kwa papa mumoja, fundi wa zamani mwenye alijifunza kazi ku Likasi, katika Ateliers Centraux za Panda, wakati Gécamines ingali na nguvu. Nilipomweleza kila kitu, aliniuliza swali moja:

"Mutoto, weye unalimaka. Unapandaka mbegu mbele ya kuangalia udongo?"

"Hapana, papa."

"Sasa juu ya nini munanunuaka turbo mbele ya kuangalia bloki?"

Sikuwa na jibu. Na nilipoanza kusoma historia ya Safari Rally, niliona kwamba swali lile liliulizwa zamani sana, ku barabara zenye vumbi jekundu kama letu.

Safari ilianza mwaka wa 1953, kwa kusherehekea kutawazwa kwa malkia Elizabeth II, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika. Mbio zile hazikuwa za dakika 10 ku lami. Ilikuwa maelfu ya kilometre, matope, mawe, mito, joto la chini na baridi ya milima. Mwaka wa 1954 ushindi ulichukuliwa na Volkswagen, ile ile kobe yenye motere ndogo nyuma, yenye kupozwa na hewa tu. Motokari zenye nguvu kuiliko zilikuwepo. Lakini mwenye hana maji hawezi kuishiwa maji.

Kisha angalia Peugeot 404. Ilishinda mwaka wa 1963, 1966, 1967 na 1968. Katika mwaka wa 1963 na wa 1968, motokari zaidi ya 80 zilianza, na kila mara zilizofika mwisho zilikuwa 7 tu. Miaka yote miwili mushindi alikuwa Nick Nowicki, na mara zote mbili ndani ya 404. Miaka ya katikati, 1966 na 1967, ni Bert Shankland wa Tanzania, tena na 404. Sasa motere yake ilikuwa nini? Sentimetre kibu 1618, silinda 4, bloki ya fonti, ni kusema chuma kizito cha kumiminwa. Silinda zake zilikuwa shimizi zenye kuvalishwa ndani ya bloki, na maji yakizizunguka. Shimizi ikilika, unaitoa, unavalisha nyingine, bloki inaendelea kuishi. Motere ile ile ilikuwa ya familia, ya daktari, ya taxi. Baba zetu wanaikumbuka hapa Katanga. 504 iliyofuata ilirisi bloki ya namna ile, ikapanuliwa mpaka 1971, na Ove Andersson akashinda nayo Safari ya 1975. Mulishike jina lile la Andersson, litarudi.

Katikati ya miaka ile kuna Joginder Singh, mwana wa Kericho, mwenye alianza kama fundi katika garaji ya baba yake. Mwaka wa 1965 alishinda pamoja na ndugu yake Jaswant katika Volvo PV544 yenye ilikuwa imekwisha kutumika. Bloki yake, B18, ni fonti, 1778, na shafti yake kubwa ya chini inashikwa mahali 5. Motere nyingi za silinda 4 za wakati ule zilikuwa na mahali 3 tu. Ukitaka kujua maana ya jambo lile, angalia Marekani: mwalimu mumoja, Irv Gordon, alinunua Volvo P1800 ya 1966 yenye B18, akaiendesha mpaka ikapita maili milioni 3. Ile ni bloki yenye ilibuniwa kwa watu wa kawaida. Joginder alishinda tena 1974 na 1976 ndani ya Mitsubishi Lancer 1600. Mara zote tatu alichukua gari ndogo ya familia, akaijua mpaka mufupa.

Wajapani wa Datsun walifanya vilevile. Mwaka wa 1970 Edgar Herrmann alishinda na 1600 SSS, na 1971 na 240Z. Shekhar Mehta, mwana wa Uganda, alishinda na 240Z mwaka wa 1973, kisha mara 4 mufululizo toka 1979 mpaka 1982, na mpaka leo hesabu ile ya ushindi 5 haijapitwa na mutu. Motere zile zote ni jamaa moja, jamaa ya L: bloki ya fonti, kulasi ya alumini. Ya 1600 ina silinda 4, ya 240Z ina 6, lakini ni wazo lile lile, mutoto na kaka yake. Na walipotaka nguvu zaidi kwa Violet za Mehta, unafikiri walitupa bloki? Walibadilisha kulasi, wakaweka ya valvu 16. Chini ilibaki jamaa ile ya L yenye walijua kila udhaifu wake.

Hapa nilianza kuona mustari. Nguvu inaletwa na vitu vya juu: kulasi, turbo, kaburateri, programu ya leo ya kompyuta. Bloki kazi yake ni kubeba. Wale washindi walichukua bloki ya motokari ya kila siku, yenye imekwisha kuharibika mara elfu mikononi mwa watu wa kawaida, kwa hiyo inajulikana itaharibikia wapi.

Andersson anarudi hapa. Baada ya kuendesha, alisimamia timu ya Toyota ya Ulaya, kule Köln. Celica zao zilishinda Safari ya 1984, 1985 na 1986. Zilikuwa za kundi B, kundi lenye lilihitaji motokari 200 tu zitengenezwe, kwa hiyo ungeweza kubuni karibu kila kitu kipya. Walichagua nini? Bloki ya jamaa ya T, fonti, jamaa ya Corolla na Carina. Waliipanua mpaka 2090, wakaweka turbo. Kundi B lilipofutwa mwisho wa 1986, kanuni mupya ya kundi A ilitaka motokari 5000 za kuuzwa. Toyota wakachukua 3S, bloki ya fonti yenye ndugu zake walikuwa ndani ya Camry na Corona. Celica ya 3S ilishinda Safari ya 1990 na 1992. Mwaka wa 1993 zilichukua nafasi 4 za kwanza, na 1994 mushindi alikuwa Ian Duncan wa Kenya.

Hesabu ya 3S ni rahisi, hata sisi wa kilimo tunaiweza: tundu lina upana wa milimetre 86, pistoni inatembea milimetre 86, silinda 4, jumla 1998. Ile silinda 6 ya mudogo wangu ni ya jamaa ya JZ, fonti vilevile. Ya lita 3 ina 86 kwa 86 tena, mara 6, jumla 2997. Sasa wengi wetu wanafikiri kupanua tundu ndiko kuongeza nguvu. Panua 3S nusu milimetre, mpaka 86.5: unafika 2021. Umepata sentimetre kibu 23, kikombe kidogo cha kahawa hakijai. Unapanua tundu ili kulisafisha likiwa limelika, nguvu haitoki pale. Na ukuta wa fonti kwa kawaida unakubali kupunguzwa kidogo. Bloki nyingi za alumini za motokari ndogo za leo zina shimizi nyembamba za chuma zilizomiminwa pamoja na bloki: hakuna nafasi ya kupanua, na huwezi kuzitoa kama zile za Peugeot.

Je, alumini ni mubaya? Hapana, na historia inakataza kusema hivyo. Ford Escort ya Björn Waldegård yenye ilishinda Safari ya 1977 ilikuwa na bloki ya alumini. Motere ile, BDA, ilianza ku bloki ya fonti ya Ford ya kawaida. Fonti ikakosa nafasi ya kupanuliwa mpaka lita 2, ndipo Brian Hart akatengeneza bloki ya alumini ya umbo lile. Peugeot 504 V6 ya Jean-Pierre Nicolas, mushindi wa 1978, bloki ni alumini pia. Alumini ina uzito wa karibu sentimetre kibu moja gramu 2.7, fonti zaidi ya 7. Inatoa joto haraka. Lakini ikipata joto inapanuka karibu mara mbili ya fonti, na ikipitiliza inalegea mapema. Timu za Ford na Peugeot zilikuwa na mafundi, radiatere kubwa, na gari za kuzifuata na vyombo vya akiba. Sisi ku barabara ya Likasi tulikuwa na bidoni moja ya maji ya robine.

Na kuna jambo la mahali petu. Lubumbashi iko karibu metre 1200 juu ya bahari. Hewa ni nyepesi: motere isiyo na turbo inapoteza karibu 12 ku 100 ya nguvu zake. Wengi wanalijua hilo, njo maana wanakimbilia turbo. Lakini metre zile zile 1200 zinafanya maji yachemke karibu ku digri 96. Kifuniko cha radiatere ndicho kinachoshikilia presha ili yasichemke mapema. Kifuniko kikizeeka, presha inapotea, na maji matupu yasiyo na dawa yanalisha kutu ndani ya njia zake. Papa aliponiuliza: "Kifuniko mulibadilisha?" nilicheka kwa haya. Tulinunua turbo ya mamia ya dola, tukaacha kifuniko cha dola chache.

Basi nilirudi ku Corolla yetu na swali jipya: bloki ya kila siku ya motokari hii ni gani? Yetu ilitoka Japani na 5A, silinda 4, fonti, tundu 78.7, mwendo wa pistoni 77. Ndugu yake mukubwa ni 4A: tundu 81, mwendo ule ule 77, jumla 1587. 4A yenye kulasi ya mwendo iliingia mwaka wa 1983 ndani ya Corolla na Sprinter zenye vijana wa dunia nzima wanaziita AE86, ikiwa na nguvu za farasi 130 kwa hesabu ya Japani ya wakati ule. Katika umbo lile lile la Corolla ya baba, Toyota iliuza ya valvu 20 yenye farasi 165, bila turbo. Na ku Amerika ya Kaskazini, mashindano ya Toyota Atlantic yaliendeshwa miaka mingi na 4A zilizotayarishwa mpaka karibu farasi 240. Yote ni jamaa moja ya fonti, na jamaa ile ilikuwa imelala ndani ya motokari yetu siku ile tulipoitoa na kuitupa.

Mudogo wangu hakufurahi. "Yaya, silinda 4? Batanicheka." Nikamwambia silinda 6 itaomba sanduku lingine la vitesi, radiatere nyingine, na kuikata motokari ya baba kwa mbele, juu haikutengenezwa kuipokea. Feza ya mbolea yote itakwisha, na motokari itakuwa ingali chini ya muembe. Alinyamaza siku mbili. Siku ya tatu alikuja na swali: "Basi tuangalie 4A namna gani?" Pale nilijua tunaanza.

Papa alitufundisha namna, na naiandika hapa juu inaweza kumuokolea mutu feza. Mbele ya kulipa, bloki ifunguliwe na isafishwe. Unaweka rula ya chuma iliyonyooka juu ya uso wake, kwa urefu, kwa upana na kwa pembe, na unajaribu kupitisha kipimo chembamba: ku 4A, cha milimetre 0.05 kikipita, uso umepinda. Unapima tundu juu, katikati na chini, sababu juu ndiko kunalika zaidi. Unatazama njia za maji: kutu ya unga inasafishika, lakini mashimo yenye kula ukuta ni kifo. Kisha unapaka mafuta ya taa, unangoja, unapangusa pakauke, unapaka chaki. Kama kuna ufa, mafuta yanarudi na kuchora mustari ku chaki. Na ku 4A ya mwendo, hesabu mbavu za mugongo wa bloki: za kwanza zina 3, za nyuma yake zina 7 na ni za nguvu zaidi.

Bloki ya kwanza tuliyoonyeshwa ilikuwa nzuri kwa macho, imepakwa rangi mupya. Muuzaji hakutaka chaki. Papa akamwambia kwa upole: "Mutoto wangu, kama iko muzima, chaki haitaiumiza." Mustari ulitoka, mrefu kama kidole, kati ya silinda ya 2 na ya 3. Tukashukuru, tukaenda. Bloki ya pili ilikuwa chafu, haina rangi, iko chini ya meza. Uso wake ulinyooka, chaki ilibaki nyeupe, mbavu 7. Matundu yalikuwa yamelika kidogo, yatapanuliwa nusu milimetre. Tulilipa ile.

Feza iliyobaki ilinunua mbolea ya hekta mbili, nilitaka tatu. Radiatere mupya na kifuniko vimekwisha kuingia, mbele ya kitu chochote cha mwendo. Kulasi ya valvu 20 itangoja mavuno. Kwa sasa bloki itavaa kulasi ya kawaida, na tumekubaliana kwamba safari ya kwanza ni kumupeleka mama ku soko la Kenia na kumurudisha, polepole, mukono ukiwa ku kipimo cha joto. Barabara ya Likasi, nimemwambia mudogo wangu, haina mashindano; ina malori ya madini na watoto wenye kuvuka.

Mvua ilianza juma iliyopita. Mahindi yako ndani ya udongo. Bloki iko ku garaji, matundu yanapanuliwa. Mwenye kujua fundi mwaminifu wa kupima shafti ya chini ya 4A hapa Lubumbashi, anitumie neno.